Unaenda Vietnam? Panga Pesa Zako Kabla ya Kupanda Ndege

Hapa nyumbani tumezoea kutoka bila pesa mfukoni. Mama mboga ana till, mtu wa boda ana nambari, na hata nauli ya matatu unalipa kwa simu. Vietnam pia watu wanalipa kwa simu, tena sana. Utakuta kibao cha QR hadi kwenye kibanda cha supu. Shida ni kwamba QR hiyo imeunganishwa na akaunti za benki za huko, kwa hivyo pochi yako ya simu ya Kenya haitalipa.

Jua hili mapema: ukiwa Hanoi, simu yako haitanunua supu, lakini bado ndiyo inayoshika ufunguo wa pesa zako zote. Panga safari ukijua hivyo.

Lipia mapema kila unachoweza

Anza na viza. Tangu tarehe 15 Agosti 2023, raia wa nchi zote wanaweza kuomba viza ya Vietnam mtandaoni, ya hadi siku 90. Ada ni dola 25 kwa kuingia mara moja au dola 50 kwa kuingia mara nyingi, na hairudishwi hata ukikataliwa. Kuna tovuti nyingi za mawakala zinazofanana na ya serikali lakini zinatoza zaidi. Anwani ya serikali huishia na gov.vn. Hakikisha jina na nambari ya pasipoti zinafanana kabisa na zilizo kwenye pasipoti yako.

Ada hii, pamoja na hoteli na tiketi, unaweza kulipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi yako ya simu. Weka kiasi unachohitaji tu, na nyongeza kidogo ya makato. Hata namba za kadi zikivuja, mwizi atakuta salio dogo.

Kuhusu tarehe, jihadhari na Tet, mwaka mpya wao, ambao huangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari au baadaye kidogo. Mamilioni ya watu husafiri kwenda kwao, tiketi za treni na mabasi huisha, na maduka mengi hufungwa.

Dong ina sufuri nyingi

Kwa viwango vya mwaka 2025, shilingi moja ilikuwa karibu dong 200. Hesabu ya haraka ni hii: toa sufuri mbili, kisha gawa kwa mbili. Supu ya dong 50,000 ni kama shilingi 250.

Chunga noti mbili. Ya 20,000 ni ya bluu, na ya 500,000 pia ni ya bluu. Moja ni kama shilingi 100, nyingine kama 2,500. Usiku, dereva akikusubiri, ni rahisi sana kutoa ile kubwa ukidhani ni ndogo. Tenga za 500,000 kwenye mfuko wake peke yake.

Pesa taslimu na ATM

Usitegemee kubadilisha shilingi ukifika. Nunua dola hapa Kenya, noti safi zisizochanika wala kuandikwa, kisha ubadilishe benki au kwenye duka lenye leseni. Duka la dhahabu linaweza kukupa bei tamu, lakini bila leseni ni kosa. Mwaka 2018, mtu mmoja mjini Can Tho alitozwa faini ya dong milioni 90 kwa kubadilisha dola 100 tu. Ukiingia na zaidi ya dola 5,000, lazima utangaze forodhani.

Kwenye ATM, mashine ikikuuliza kama ikukate kwa pesa ya kadi yako au kwa dong, chagua dong. Ukichagua pesa ya kwenu, mashine inatumia kiwango chake, na mara nyingi wewe ndiye unaumia. Kwa kuwa kuna ada kila unapotoa, toa kiasi cha siku kadhaa badala ya kutoa kidogo kidogo.

Laini ya Kenya isitoke kwenye simu

Hapa ndipo wengi hukwama. Unafika, unanunua laini ya huko, unatoa ya Kenya na kuitupa kwenye begi. Siku mbili baadaye unalipia hoteli, benki inatuma nambari ya siri ya muda kwa SMS, na SMS inaenda kwa laini ambayo haiko hewani. Pesa unazo, lakini huwezi kuzigusa.

Kwa hivyo washa rominga kabla ya kuondoka, ile huduma inayofanya laini yako ishike mtandao wa nchi nyingine, na uulizie gharama zake. Acha laini ya Kenya ikae kwenye simu, zima data yake, kisha utumie laini ya huko au eSIM kwa intaneti. Weka pia programu ya pochi yako kwenye simu ukiwa bado hapa, kwa sababu inaweza kukuomba uthibitishe laini mara ya kwanza.

Simu ikiibiwa je?

Kadi moja isikae pamoja na simu. Andika kwenye karatasi nambari ya kupiga ukitaka akaunti ifungwe, pamoja na msimbo wa nchi, +254. Vietnam iko mbele yetu kwa saa nne: saa mbili asubuhi huko, Nairobi ni saa kumi alfajiri. PIN usimwachie mtu, hata ndugu. Badala yake, kubalianeni na mtu wa nyumbani kwamba mambo yakiharibika atakutumia pesa kupitia kampuni kama Western Union, uzichukue kwa pasipoti. Jina atakaloandika lazima lifanane na la pasipoti.

Wiki moja kabla ya safari, fanya jaribio: lipa kitu kidogo kwa kadi yako kwenye tovuti ya nje ya nchi. Kikikataa, bado uko nyumbani, na huduma kwa wateja iko karibu.