Teke la Bastola Kubwa

Swali lilitoka dawati la nyuma, katika darasa langu la fizikia hapa mtaa wa Mapendo, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, siku nilipokuwa nafundisha kanuni ya tatu ya Newton. Kijana mmoja, mpenzi wa filamu zinazoonyeshwa kwenye vibanda vya video vya Birere, aliinua mkono: "Prof, juu ya nini mukono ya akteri haitikisike wakati anapiga ile bastola kubwa?" Wenzake walicheka. Mimi nililipokea kwa heshima, kwa kuwa ni swali zuri kuliko mengi ya mtihani wa serikali, na katika mji wetu jibu lake linaweza kuokoa mtu.

Jibu la haraka ni kwamba ganda la sinema lina baruti tu. Moto unaonekana, mlio unasikika, lakini hakuna kipande cha risasi kinachotoka mbele, na pasipo kitu kizito cha kwenda mbele hakuna teke kubwa, yaani nguvu ya kumrudia mpigaji. Mwaka 1971 Clint Eastwood alicheza polisi wa San Francisco katika filamu ya Dirty Harry, na tangu hapo dunia nzima ikaijua rivolva ya Smith & Wesson Model 29, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, inayopiga risasi ya .44 Magnum iliyotolewa mwaka 1955. Vijana wa mabara yote walijifunza kwa macho kwamba mwanamume wa kweli huishika kwa mkono mmoja wala hakunji kiwiko. Walifundishwa uongo.

Tulipiga hesabu ubaoni. Mwaka 2003 kampuni hiyohiyo ilitoa rivolva kubwa zaidi, Model 500, yenye risasi ya upana wa nusu inchi, karibu milimita 12.7. Yenye mtutu mrefu ina uzito wa kilo 2 hivi. Mojawapo ya risasi zake nzito ina gramu 28 na nusu na hutoka kwa kasi ya karibu mita 495 kwa sekunde. Zidisha uzito huo kwa kasi hiyo, kisha gawanya kwa uzito wa bastola: kipande cha chuma cha kilo 2 kinamrudia mpigaji kwa karibu mita 7 kwa sekunde, kasi ya pikipiki iliyobeba abiria wawili ikielekea soko la Virunga. Hapo hatujahesabu gesi ya baruti, ambayo nayo huongeza teke.

Kisha tukaichukua kalashnikov, silaha ambayo mtoto wa Goma huitambua kwa sauti kabla hajaiona. Risasi yake ina gramu 8 hivi, kasi yake ni mita 715 kwa sekunde, na bunduki ikiwa imejazwa ina kilo 4 hivi. Inarudi nyuma kwa karibu mita 1 na nusu tu kwa sekunde. Ukilinganisha nishati ya kurudi, rivolva ile kubwa inaipita kalashnikov zaidi ya mara kumi. Tena kalashnikov ina kitako cha kuegemea bega, na bega limejengwa kwa mfupa mkubwa na nyama. Bastola imeachiwa kiganja na kifundo cha mkono, mahali penye mifupa midogo midogo na mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi hawakulitarajia. Mtutu wa rivolva umekaa juu ya mkono, haukukaa mkononi. Nguvu inarudi kwa mstari wa mtutu, mkono unaizuia kutoka chini, na matokeo yake ni mzunguko: mdomo wa bastola unaruka juu na kuelekea nyuma, upande wa paji la uso wa mpigaji. Ndiyo maana wanaojua huishika juu kabisa ya mpini, kiganja kikibana karibu iwezekanavyo na mstari wa mtutu. Kila sentimita unayoshuka chini ya mpini unaiongezea bastola nafasi ya kukuzungukia.

Mtu anaweza kudhani haya ni mambo ya Wamarekani na dubu wao wa Alaska. Lakini teke la silaha kubwa lina historia ndefu hapa kwetu, kandokando ya maziwa haya. Samuel Baker, Mwingereza aliyefika Ziwa Albert mwezi Machi 1864, ziwa ambalo leo tunagawana na Waganda upande wa Ituri, alikuwa na bunduki aliyoiita Baby, yaani Mtoto. Ilipiga kombora lenye uzito wa nusu ratili, gramu 227 hivi, na yenyewe ilikuwa na kilo 9 tu. Baker alikuwa mtu wa miraba minne, lakini aliandika kwamba ilimzungusha pale aliposimama, na kwamba aliipiga mara chache sana kwa kuiogopa. Yeye mwenyewe alilitaja kosa la muundo wake: bunduki ilikuwa nyepesi mno kwa kombora lake. Fizikia nzima ya teke imo katika malalamiko hayo.

Frederick Selous, ambaye pori kubwa la kusini mwa Tanzania lilibeba jina lake kwa miaka mingi, na aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, alianza uwindaji wa tembo akiwa kijana, kusini mwa Afrika, kwa magobore mazito yaliyojazwa baruti mdomoni. Baadaye alijuta. Alisema bunduki zile zilimharibia ujasiri, na kwamba athari hiyo kwenye shabaha yake ilidumu muda mrefu baada ya kuziacha. Maumivu ya bega yalipona. Kilichobaki ni mwili kukumbuka: kidole kinapogusa kifyatulio, jicho linafumba, bega linajikunyata, mkono unasukuma mbele kulizuia teke ambalo bado halijaja. Risasi inakwenda chini na pembeni. Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo halisi la silaha zenye nguvu, na misuli haina dawa yake.

Mtu aliyelielewa kuliko wote alipita jirani yetu. Walter Bell, Mskoti aliyeitwa Karamojo Bell kwa sababu ya safari zake Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, aliwinda pia katika Lado, kipande cha ardhi magharibi ya Nile ambacho Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikishika hadi alipokufa mwaka 1909. Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja. Idadi hiyo inanihuzunisha, na siwezi kumwita shujaa mtu aliyemwaga damu ya wanyama kiasi hicho kwa ajili ya pembe. Hata hivyo somo lake la ufundi ni la kweli. Wakati wenzake walibeba mabomba ya kuvunja bega, yeye aliwapiga wengi wa tembo wake kwa bunduki ya milimita 7, yenye risasi ya gramu 11 hivi na teke dogo. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi, kisha akatumia silaha ambayo mwili wake haukuiogopa.

Papa wangu alikuwa mlinzi wa mbuga huko Rwindi, wakati wa Zaire, na yeye hakuwahi kusoma habari za Bell. Alifundishwa na uwanda ule wa nyati na viboko. Walikuwa na bunduki moja nzito ya wanyama wakali, na kila kurutu aliiogopa kabla ya kuigusa. Papa alikuwa na njia yake. Alijaza yeye mwenyewe, mgongo akiwa amempa kurutu, mara nyingine akiweka risasi ya kweli, mara nyingine ganda tupu, kisha akamkabidhi bila kusema lipi. Kurutu alilenga, akafyatua, na kama ndani mlikuwa na ganda tupu hapakuwa na mlio wa kuficha aibu: wote waliuona mdomo wa bunduki ukizama chini, kwa sababu kijana alikuwa ameshtuka mapema. Papa hakumkaripia. Alimwambia, "Mwanangu, umepigana na bunduki, na haijakugusa." Wakarudia tena na tena mpaka mdomo ukatulia. Wakufunzi wa bastola duniani kote hutumia zoezi hilohilo, na kwa rivolva ni rahisi zaidi, kwa kuwa silinda ina vyumba kadhaa: jaza vingine, acha vingine, zungusha, funga bila kutazama.

Kuhusu mwili, yanayofaa yanajulikana. Mikono miwili daima. Mguu mmoja nyuma kidogo, kiwiliwili kikiinama mbele, maana anayeegemea nyuma huwa ameshaanza kuanguka. Viwiko vilegezwe kidogo: mkono uliokazwa kabisa hupeleka teke lote kwenye kifundo na bega, na ule uliokunjwa kidogo hulitawanya njiani. Mshiko uwe imara na uwe uleule kila mara, ila usiwe wa kutetemesha vidole. Bastola iachwe ipande kisha ishuke, kwa sababu risasi imeshatoka zamani. Mpini wa mpira husaidia. Uzito husaidia zaidi ya vyote, na matundu yaliyotobolewa karibu na mdomo wa mtutu hurusha gesi juu na kuukandamiza mdomo chini, ingawa huongeza mlio, na mlio wa silaha hizi unaharibu masikio ya asiyeyaziba hata kwa risasi moja.

Sasa hatari mbili ambazo filamu hazionyeshi. Kati ya silinda na mtutu wa rivolva kuna mwanya mwembamba, na humo hutoka gesi ya moto kwa nguvu ya kukata. Aliyezoea bastola za kawaida huelekea kunyoosha kidole gumba cha mkono wa pili mbele. Kwenye rivolva kubwa kidole kikikaa pale kinaweza kuchanika hadi mfupa. Vidole vyote vikae nyuma ya silinda.

Ya pili ni mbaya zaidi. Bastola inaporuka, mgeni huikamata kwa hofu ili isimponyoke, na kwa kuikamata hukaza tena kifyatulio. Risasi ya pili hutoka wakati mdomo umeshaelekea angani, au umeelekea kichwani mwake. Kwa sababu hiyo mkufunzi mwenye akili hamjazii mgeni silinda nzima. Humwekea risasi moja tu, hata kama mgeni ni askari, hata kama ana misuli ya kubeba magunia mawili. Tena aanze na risasi laini, yenye baruti kidogo, apande polepole.

Wawindaji wa misitu ya Walikale na Maniema wanaotumia pupu, zile bunduki za mafundi wa kijijini, wako katika hatari ya aina yao, kwa kuwa baruti hupimwa kwa jicho na hakuna ajuaye teke litakuwa kubwa kiasi gani, au kama bomba litavumilia. Hapo sina ushauri wa mshiko. Ushauri wangu ni kuiacha.

Kwa nini mwalimu wa Mapendo anajali haya yote? Twende tena ubaoni. Mpigaji akishtuka, na mkono wake ukayumba digrii 1 tu, risasi kwa umbali wa mita 50 itakosa shabaha kwa sentimita 87. Mji wetu umejengwa upya juu ya lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, na nyumba nyingi za mtaa huu ni mbao zilizopigiliwa juu ya mawe, ukuta kwa ukuta na jirani. Ubao hauzuii risasi. Sentimita 87 ndiyo nafasi kati ya mlango na kitanda cha mtoto. Vita vya Januari 2025 vilipopita hapa, tulilala chini sakafuni, tukijua kwamba anayepiga hovyo anaua sawasawa na anayelenga. Silaha yenye teke kubwa mikononi mwa asiyeizoea inapiga hovyo hata kama nia yake ni njema.

Sheria ya nchi yetu juu ya silaha na risasi, ya tarehe 3 Septemba 1985, inamtaka raia awe na kibali kabla ya kumiliki silaha. Kibali hakifundishi mkono. Kwa hiyo nawaomba wote wanaobeba silaha kwa haki, mlinzi wa duka, polisi, mlinzi wa mbuga, tajiri aliyepewa kibali: usichague kubwa kwa sababu inatisha. Chagua ile ambayo unaweza kuipiga bila kufumba jicho. Na kama umeshakabidhiwa kubwa na hujawahi kuipiga, tafuta mkufunzi na uwanja wa shabaha nje ya mji, ziba masikio, shika kwa mikono miwili, na uanze na risasi moja, nyingine tano zikiwa mfukoni mwa mkufunzi.