Injini hupata joto haraka gari likitembea

Asubuhi za Julai huko Njombe na Limuru, magari huachwa yakiunguruma uani robo saa nzima kabla ya safari. Wenyewe huamini wanaitunza injini. Enzi za kabureta walikuwa na hoja, kwa sababu kwenye baridi ilishindwa kuchanganya petroli na hewa sawasawa, gari likazimika njiani. Gari la leo lina sensa ya joto na kompyuta inayopima mafuta yenyewe. Mngurumo ule wa uani huteketeza petroli bila gari kusogea hata hatua moja.

Ni kweli injini baridi hula mafuta. Petroli haigeuki mvuke vizuri ikigusa chuma cha baridi, hivyo kompyuta huongeza kipimo. Oili nayo huwa nzito kama asali, na pistoni hupoteza nguvu kupambana nayo. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa katika safari fupi za mjini, kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, lita moja ya petroli hukupeleka umbali pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko kwenye nyuzi 25. Mkazi wa Dar es Salaam naye hajasalimika: injini hutulia ikikaribia nyuzi 90, kwa hiyo hata kwenye joto la 30 bado ina 60 za kupanda. Safari tatu fupi zilizoachana, injini ikipoa katikati, hula kuliko mzunguko mmoja wa umbali uleule.

Linaloniuma zaidi ni thamostati kung'olewa. Kifaa hiki kidogo huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari likichemsha, baadhi ya mafundi hukitoa na kumrudishia mteja gari. Tangu hapo maji hupoozwa kuanzia dakika ya kwanza, kompyuta huona injini bado baridi, na huendelea kuongeza petroli, ambayo huosha oili kwenye kuta za silinda. Chanzo cha kuchemsha, iwe feni, pampu ya maji au rejeta iliyoziba, kimebaki palepale. Mwambie fundi akitafute, na thamostati mbovu ibadilishwe kwa nzima.

Usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa. Masega ya ekzosi hayasafishi moshi mpaka yapate moto mkali, na kabla ya hapo hewa ya kaboni monoksidi hutoka kwa wingi. Haina harufu, na inaua. Washa, subiri nusu dakika oili izunguke, kisha ondoka taratibu bila kukanyaga sana mafuta mpaka mshale wa joto upande.