Heshima ya Ndege wa Uani

Atakaye kuwajua ndege wa Durban si lazima afunge safari ya mbugani. Akiamka alfajiri katika mtaa wa Overport, juu ya kilima cha Berea, atamkuta kwarara wa kijivu, ambaye kelele zake zimekwisha kuwaamsha majirani, akitembea kwa makini uani na kuudidimiza ardhini mdomo wake mrefu uliopinda, kisha akauchomoa na nyungunyungu kabla mtazamaji hajawahi kuinua darubini.

Matembezi ya kuwatazama ndege wa kawaida, yawe ya mitaani au ya kuteremkia Bustani ya Mimea iliyoasisiwa mwaka 1849, hayana haja ya ndege adimu, kwani hata waliozoeleka ni sahifa za tarehe ya mji. Kwarara alienea Afrika Kusini katika karne ya 20 kwa sababu watu walipanda miti na kumwagilia bustani palipokuwa pakavu. Kwezi wa Kihindi, mwenye ngozi ya manjano kando ya macho, aliletwa Durban takriban mwaka 1900. Na kunguru wa Kihindi, yule yule aliyepelekwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka, alifika hapa katika miaka ya 1970, yamkini kwa kudandia meli.

Raha ya matembezi hayo ina manufaa kwa ilimu. Katika awamu ya pili ya atlasi ya ndege wa Kusini mwa Afrika, iliyoanza mwaka 2007, nchi imegawanywa katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 8, na mwenye kujitolea huuzunguka mraba wake kwa muda usiopungua saa 2, akiandika kila aina kwa mfuatano alivyoiona, wala hamruki tetere eti kwa kuwa ni tetere.

Faida ya subira hiyo ilidhihirika India, ambako tumbusi walikuwa wengi kupita kiasi: ni hesabu za miaka ya 1980 katika hifadhi ya Keoladeo, zilipolinganishwa na za miaka ya 1990, zilizobainisha kwamba zaidi ya asilimia 90 wametoweka, na baadaye ikajulikana kuwa waliuawa na diklofenaki, dawa ya ng'ombe iliyosalia katika mizoga. Basi kiongozi wa matembezi akimwuliza mgeni ni tetere wangapi waliotua juu ya nyaya, asidhaniwe kuwa anafanya mzaha.