Kamera ndogo au kubwa? Hesabu ya mpiga picha kabla ng'ombe hawajauzwa

MSIMU wa mavuno ukiisha, msimu wa harusi huanza. Ndivyo kalenda ilivyo katika miji mingi midogo ya Tanzania. Mpunga ukishavunwa Mbarali, korosho zikishalipwa Mtwara na Lindi, kahawa ikishauzwa Mbinga, wazazi waliokuwa wakisubiri fedha huitisha vikao vya kamati. Kumbi hulipiwa, na mpiga picha ambaye miezi michache nyuma alikuwa akisinzia dukani hupata kazi karibu kila Jumamosi.

Kwa hiyo mpiga picha, japo hashiki jembe, anaishi kwa mazao sawa na muuza mbolea au mwenye mashine ya kukoboa. Mvua zikikosekana, harusi hupungua. Bei ya zao ikianguka, albamu nene hugeuka kuwa picha chache za kutumiana kwa simu. Kipato chake hupanda na kushuka, lakini deni la kamera halijui kama mwaka ulikuwa mzuri au mbaya.

Hapo ndipo uamuzi wa kununua kamera unapokuwa mzito. Kijana aliyezoea kamera ya kuazima anataka ya kwake, tena ya kisasa. Mtaji upo katika njia tatu: akiba, mkopo wa kikundi, au ng'ombe wawili wa familia. Akinunua ndogo kuliko kazi, wateja watamkimbia. Akinunua kubwa kuliko kazi, ng'ombe watakuwa wamekwenda na kamera itakaa kabatini ikisubiri harusi.

Makala haya yanalinganisha kamera mbili za kampuni ya Sony ya Japani, a6400 na a7 III. Zote mbili hutumiwa sana na wapiga picha wa biashara ndogo, na kila moja inafaa kazi zake.

Kamera isiyo na kioo

Kamera za kitaalamu za zamani zilikuwa na kioo ndani, kilichopeleka picha kwenye tundu la kuchungulia. Mpiga picha alipobonyeza, kioo kiliinuka na mwanga ukapita kwenda kwenye filamu, au kwenye kihisi, yaani kile kibapa kinachopokea mwanga katika kamera za dijitali.

Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitoa kamera ya kwanza ya kubadilisha lenzi ya aina mpya isiyo na kioo hicho. Mwaka 2013 Sony ikafuata na a7 yenye kihisi kikubwa, sawa na ukubwa wa filamu ya milimita 35. Kuondoa kioo kumepunguza uzito. Aidha, mpiga picha huiona picha kwenye skrini jinsi itakavyotoka kabla hajabonyeza, hivyo makosa ya giza au mwanga kupita kiasi hupungua.

Sony a7 III ilitoka mwaka 2018 na a6400 mwaka 2019. Zilipotoka Marekani, a7 III iliuzwa kwa takriban dola 2,000 na a6400 takriban dola 900, zote bila lenzi. Baadaye kampuni ilitoa ndugu zao wapya, a7 IV mwaka 2021 na a6700 mwaka 2023. Kwa sababu hiyo, hizi mbili sasa hupatikana pia zikiwa zimetumika, kwa bei ya kupatana.

Zinafanana wapi, zinatofautiana wapi

Zote mbili hutoa picha za megapikseli 24. Picha ya namna hiyo ina nukta 6,000 kwa 4,000. Ukiichapa kwa nukta 300 kwa kila inchi, unapata karatasi ya inchi 20 kwa 13, ambayo inatosha kalenda ya ukutani. Kwa hiyo anayedhani kamera ghali inampa picha kubwa zaidi amekosea. Kwa hizi mbili, ukubwa wa picha ni uleule.

Tofauti ya kwanza ni kihisi. Kile cha a7 III kina eneo la mara 2.3 ya kile cha a6400. Ni kama paa mbili za bati zinazokinga mvua: paa kubwa hujaza pipa haraka. Mwanga ukiwa mwingi, zote hujaza. Ukiwa haba, paa kubwa huonyesha faida yake, na picha ya a7 III hutoka na chengachenga chache zaidi.

Tofauti ya pili ni kituliza mtikisiko. Kwenye a7 III kihisi chenyewe husogea kidogo kufidia mkono unaotetemeka. a6400 haina kitu hicho ndani ya mwili wake. Hutegemea lenzi iliyotengenezwa na kituliza.

Tofauti ya tatu ni usalama wa kazi. a7 III ina nafasi ya kadi mbili na inaweza kuandika picha ileile kwenye zote kwa wakati mmoja. a6400 ina nafasi moja tu. Kwa vipimo vya kiwandani, betri ya a7 III hupiga takriban picha 710 kwa kutumia skrini, wakati ya a6400 hupiga takriban 410.

Hata hivyo, a6400 nayo ina yake. Ina gramu 403 dhidi ya 650 za mwenzake. Skrini yake huinuka hadi kumtazama anayejirekodi, na hurekodi video bila kukatwa na saa, wakati a7 III hukata kila baada ya dakika 29. Kulenga kwake ni kwa haraka, na hupiga hadi picha 11 kwa sekunde dhidi ya 10.

Kazi za dukani na za mchana

Pasipoti saizi ndiyo ugali wa studio nyingi. Mteja hukaa mbele ya kitambaa, taa zinawaka, kamera iko kwenye stendi. Hapo mwanga unadhibitiwa na mpiga picha mwenyewe, na picha inayochapwa ni ndogo kuliko kiganja. Hakuna mteja atakayetambua ni kamera ipi imetumika. Fedha inayozidi ni bora iende kwenye taa mbili nzuri na printa.

Hali ni hiyohiyo kwa picha za bidhaa. Wajasiriamali wanaouza asali, unga wa lishe, viatu na vitenge kwa simu wanahitaji picha safi zenye rangi ya kweli. Kwa kazi hii a6400 inatosha kabisa. Kadhalika wanaotengeneza video za mafunzo ya ufugaji wa kuku au kilimo cha mboga watafurahia ile skrini inayogeuka, ili mradi maikrofoni isiwekwe juu ya kamera ikaiziba.

Kwa mifugo, kamera ndogo ina faida. Kwa kuwa kihisi chake ni kidogo, lenzi ya milimita 200 huonyesha eneo sawa na ambalo a7 III ingelipata kwa lenzi ya milimita 300. Ng'ombe aliye mbali, mpira wa kijijini, ndege waharibifu juu ya mtama, wote husogea karibu bila kununua lenzi ndefu zaidi. Mwaka 2019 Sony iliongezea kamera zote mbili, kwa programu, uwezo wa kulenga jicho la mnyama. Mfugaji anayetaka kutangaza fahali wake apigwe kwa ubavu, kamera ikiwa kwenye usawa wa bega la mnyama, asubuhi au jioni, ili mnunuzi aone mgongo na miguu bila kudanganywa na kivuli.

Kwa picha za wadudu na magonjwa ya mimea, mfano viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, kinachoamua ni lenzi ya kupigia vitu vidogo. Mwili wa kamera haubadilishi sana. Na kwa mkulima anayetaka tu kumwonyesha ofisa ugani jani lenye madoa, simu ya kawaida inatosha. Asinunue kamera yoyote.

Ukumbini usiku

Harusi ni mtihani mwingine. Ukumbi una taa za rangi, maharusi wanaingia wakicheza, mshereheshaji hasubiri mtu. Hapa a7 III inastahili bei yake. Kihisi kikubwa husaidia kwenye giza, betri haiishi katikati ya keki, na kadi mbili hulinda heshima ya fundi.

Hoja ya kadi haipaswi kudharauliwa. Kadi ikiharibika baada ya kupiga pasipoti, mteja huitwa arudi. Ikiharibika baada ya harusi, hakuna wa kurudia ndoa. Fundi atarudisha fedha, na katika mji mdogo habari itafika kila kamati kabla ya Jumamosi inayofuata.

Pamoja na hayo, kituliza mtikisiko kisichukuliwe kama dawa ya kila kitu. Hutuliza mkono wa mpiga picha tu. Bibi harusi anayecheza ataonekana na ukungu kama mwanga hautoshi na kasi ya kupiga ni ndogo.

Lenzi kwanza

Wengi hukosea hapa. Wanunuzi humaliza fedha yote kwenye mwili wa kamera, kisha wanabaki na lenzi ya kawaida inayokuja nayo, ambayo ikivutwa mwisho hufunguka f/5.6 tu. Lenzi ya Sony FE ya milimita 50 yenye f/1.8, iliyotoka mwaka 2016 kwa takriban dola 250, huruhusu mwanga zaidi ya mara tisa ya f/5.6. Kumbuka kihisi kikubwa huongeza mara 2.3 tu. Yaani a6400 yenye lenzi hiyo inaweza kuishinda a7 III yenye lenzi ya kawaida, katika ukumbi uleule na kwa picha za watu wachache.

Jambo la kuzingatia ni kwamba lenzi zenye alama FE huingia kamera zote mbili na kufanya kazi vizuri. Zenye alama E pekee zimetengenezwa kwa kihisi kidogo. Zikiwekwa kwenye a7 III, kamera hukata kingo na kubaki na takriban megapikseli 10. Anayeanza na ndogo akiwa na ndoto ya kubwa anunue lenzi za FE tangu mwanzo.

Hesabu ya mtaji

Tuchukue mfano, kila mmoja akiweka bei za mjini kwake. Tuseme a6400 na vifaa vyake ni Sh2.5 milioni, na a7 III na vifaa vyake ni Sh5 milioni. Baada ya miaka minne, tuseme ya kwanza itauzika Sh900,000 na ya pili Sh1.8 milioni. Uchakavu kwa mwaka ni Sh400,000 kwa ndogo na Sh800,000 kwa kubwa. Tofauti ni Sh400,000.

Ikiwa harusi moja humwachia fundi Sh100,000 baada ya kulipa msaidizi, usafiri na kuchapa, basi kamera kubwa lazima imletee harusi nne za ziada kila mwaka. Neno la msingi ni "za ziada". Harusi ambazo angezipata hata kwa kamera ndogo hazihesabiki.

Sasa tuseme ile Sh2.5 milioni inayozidi ni mkopo wa mwaka mmoja, kwa riba isiyopungua ya asilimia 18. Riba ni Sh450,000. Mwaka huo wa kwanza harusi nne hazitoshi tena. Zinahitajika tisa za ziada ili kufidia riba na uchakavu, na bado marejesho ya deni lenyewe yanasubiri. Mwaka wa ukame, tisa zinaweza zisipatikane. Ndiyo maana fundi mwenye harusi mbili kwa mwezi na akiba mkononi anaweza kuichukua a7 III bila wasiwasi, lakini anayekopa akitegemea harusi zitakuja anacheza kamari na mvua.

Ipo pia njia ya kati. Fundi amiliki a6400 kwa kazi za kila siku, na siku ya harusi akodi a7 III, gharama ya kukodi akiiweka kwenye bei ya kazi. Akiona anakodi kila wiki mfululizo, soko lenyewe limempa jibu: wakati wa kununua umefika.

Ukinunua iliyotumika

Ni vema kuijaribu kabla ya kutoa fedha. Tazama lenzi kwenye mwanga: nyuzinyuzi nyeupe kama utando ni kuvu, tatizo la kawaida pwani penye unyevu. Piga picha ya anga tupu, madoa meusi yataonyesha uchafu kwenye kihisi. Uliza imepiga picha ngapi, kwani shata huchakaa kama piki piki inavyochakaa kwa kilomita. Fungua orodha ya lugha pia, maana baadhi ya kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina Kijapani pekee.

Kamera zote mbili huhimili vumbi na unyevu kwa kiasi, lakini si za kunyeshewa. Kwa kuwa hazina kioo, kihisi hubaki wazi lenzi inapotolewa. Shambani, ibadilishe ukiwa umeipa upepo mgongo, tundu likitazama chini.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini hata mkulima hodari hanunui trekta kwa ajili ya tuta la mchicha. Fundi afungue daftari lake la mwaka uliopita, ahesabu pasipoti, ahesabu harusi, kisha ndipo aende zizini kuwatazama wale ng'ombe wawili.