Gisenyi: Kumwokoa Mtoto ni Nusu ya Kazi

Askari afikapo penye maafa, mara nyingi wa kwanza kumkimbilia ni mtoto aliyepotezana na wazazi wake. Hali hiyo ilionekana wilayani Ngara, mkoani Kagera, mwishoni mwa Aprili 1994, wakati watu wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi. Mwezi wa Julai mamia ya maelfu wengine waliupitia mji wa Gisenyi, upande wa magharibi wa nchi hiyo, wakaingia Goma. Kipindupindu kikawavamia huko, na watoto wengi wakabaki peke yao.

Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za mgeni mmoja aliyejitolea kuwalea watoto wa namna hiyo karibu na Gisenyi, kwani kazi yake ina mafunzo kwetu sisi tuvaao sare.

Bibi Rosamond Carr alizaliwa Marekani mwaka 1912. Alifika Afrika mwaka 1949, na tangu mwaka 1955 aliishi Mugongo, chini ya milima ya volkeno, akilima pareto na maua. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, aliondolewa nchini pamoja na wageni wengine. Angeweza kubaki kwao akipumzika, maana alikuwa na umri wa miaka 81. Lakini mwezi wa Agosti alirejea, akakuta nyumba yake imeporwa. Hakukaa kulilia mali. Yeye na Sembagare, msaidizi wake wa miaka mingi aliyenusurika mauaji hayo, walilitengeneza banda la kukaushia pareto, na Desemba 1994 wakafungua makao ya watoto yaliyoitwa Imbabazi.

Usalama ulipoharibika katika sehemu hiyo, makao yalilazimika kuhama Mugongo, na hayakurudi huko mpaka mwaka 2005. Bibi huyo alifariki dunia Septemba 2006, akiwa na miaka 94. Watoto zaidi ya 400 wamelelewa katika makao hayo.

Fundisho la kwanza ni kwamba alikaa. Siku hizi vijana wengi wa ng'ambo huja Afrika Mashariki kujitolea kwa wiki mbili au tatu. Nia yao ni njema. Lakini mtoto aliyekwisha kupoteza mama humzoea mgeni, naye mgeni hufunga mizigo yake. Akaja mwingine, naye akaondoka. Kila kwaheri huchokonoa jeraha lile lile. Ajitoleaye kwa muda mfupi afadhali aache nyuma yake ujuzi, kuliko kuacha mapenzi yatakayokatika. Hivyo ndivyo alivyofanya mpiga picha Mmarekani, David Jiranek, aliyeanza mwaka 2000 kuwagawia watoto wa Imbabazi kamera wapige picha wenyewe. Watoto waliozoea kutazamwa wakawa watazamaji.

Fundisho la pili ni zito zaidi. Makao, hata yawe mema namna gani, si mwisho wa safari. Baada ya vita, Msalaba Mwekundu na mashirika mengine waliandikisha watoto waliopotea, wakawapiga picha wale wasioweza hata kutaja majina yao, na picha hizo zikaonyeshwa ili jamaa wapate kuwatambua. Mwaka 2012 Serikali ya Rwanda iliamua kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia, ziwe za ndugu zao au za walezi. Wakati huo watoto zaidi ya 3,000 walikuwa wakiishi katika makao kama hayo nchini humo. Imbabazi nayo haiendeshwi tena kama makao ya yatima.

Je, askari ahusikaje? Ahusika tangu dakika ya kwanza. Mtoto akiokotwa leo njiani, sokoni au mpakani, habari zilizo wazi sasa zitakuwa zimefifia kesho. Kwa hiyo yampasa askari aandike upesi jina la mtoto kama alitamkavyo mwenyewe, mahali na saa alipookotwa, nguo alizovaa, watu aliokuwa nao, na jina la kijiji au mlima wowote autajao. Asiwatenganishe ndugu wa tumbo moja. Asimkabidhi mtoto kwa mtu yeyote bila kuandika ni nani na ampeleka wapi, hata mtu huyo aje na gari zuri na maneno matamu. Ukurasa mmoja wa daftari la kituo huenda ukamrudishia mama mwanawe baada ya miaka kumi.

Wanyarwanda huita familia umuryango, na neno hilo hilo ni mlango wa nyumba. Nasi kwa Kiswahili husema watu wa mlango mmoja. Kumtoa mtoto hatarini ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kumfikisha mlangoni kwao.