Neno "Kilabu" na Nyumba ya Mbege

Kila asemaye Kiswahili cha bara ajua kwamba kilabu ni nyumba ya kuuzia pombe. Asili ya neno hili ni Kiingereza, na huko maana yake ni chama cha watu wajuanao, watoao ada pamoja. Asiye mwanachama haingii. Lilipofika katika Kiswahili, silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi, kama ilivyokuwa kwa neno la Kiarabu "kitabu". Ndipo tukapata "vilabu". Maana nayo iligeuka, kwani kilabuni huingia ye yote mwenye fedha yake. Lakini kwa Wachaga wa Kilimanjaro twaona kwamba nyumba ya pombe ya jamaa moja ilianza kuwa mahali pa watu wajuanao, na hata leo haijaacha kabisa kuwa hivyo.

Mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na ulezi. Ndizi huchemshwa sana, kisha huachwa siku kadhaa zipate kuchachuka. Ulezi huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Unga wake hupikwa uji, nao ukiisha kupoa huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Gome la mti uitwao msesewe hutiwa ili kuleta uchungu. Kazi hii kwa desturi ni ya wanawake. Mbege haidumu: ikiisha kuiva hunyweka siku chache tu, kisha huwa chachu mno. Kwa hiyo aliyeipika hawezi kuiweka akiba kama nafaka. Sharti awaite watu.

Zamani walioitwa hawakuwa wageni. Pombe ilinywewa katika kihamba, yaani shamba la migomba lizungukalo nyumba, na wanywaji walikuwa ndugu wa ukoo na majirani wa mtaa. Ilipelekwa kwa Mangi, ilitolewa katika posa na arusi, ilimwagwa kwa ajili ya wahenga. Wagomvi wakipatana walikunywa pamoja, mkosaji akiwa amekwisha kuleta jani la isale kuomba radhi. Kata ilipita mkono kwa mkono, na wazee walitangulia. Aliyepewa kata alihesabiwa kuwa mtu wa pale. Aliyenyimwa alijua ya kuwa ametengwa.

Mambo yaligeuka kahawa ilipoenea mlimani. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama cha ushirika, KNCU. Kahawa ilikuwa mali ya mume, na fedha zake zilipita mikononi mwake. Ndizi zilikuwa za mke. Mke aliyetaka fedha yake mwenyewe aliweza kupeleka ndizi sokoni, au kuzipika mbege na kuiuza uani pake. Hivyo uani pa jamaa pakawa duka. Kwa desturi mwana wa mwisho hurithi nyumba ya wazazi. Basi mke wake ndiye akaaye karibu na mama mkwe, naye hujifunza kwake kipimo cha ulezi na siku ya kuchanganya. Kihamba chatoka kwa baba kwenda kwa mwana, lakini chungu chatoka kwa mkwe kwenda kwa mkaza mwana.

Siku hizi ziko baa, na ziko "grosari", neno ambalo kwa Kiingereza ni duka la vyakula, na huku limekuwa jina la mahali pa bia ya chupa. Hata hivyo nyumba za mbege zipo. Afikaye huwaamkia wazee kwanza, na mpishi huonja kabla ya kugawa.

Hatusemi haya ili kuusifu ulevi. Fedha ilipochukua mahali pa mwaliko, ilidhoofisha na kizuizi: mzee aliyeweza kumwambia kijana, "Imetosha, nenda nyumbani," hana nguvu hiyo juu ya mnunuzi. Wako watu waliopoteza mashamba na afya kwa sababu hii. Lakini mwalimu akemeaye kilabu darasani na akumbuke kwamba pengine daftari na sare za mwanafunzi aliye mbele yake zimenunuliwa kwa kata hiyo hiyo, na kwamba mama yake hakuwa na shamba jingine ila migomba. Atakaye kuijua nyumba ya namna hii na aanze kwa kuuliza kama wanywao humo wajuana, na kama yuko bado awezaye kumwambia mmoja wao kwamba imetosha.