Goti Linaloumwa Lahitaji Mwendo

Mama akianza kuumwa na magoti, aghalabu wanawe humpokonya kazi zote. Hafagii, haendi hata kwa jirani; huwekewa kiti barazani akaambiwa apumzike. Ni mapenzi, lakini mapenzi hayo humzidishia maradhi.

Maradhi yenyewe, ambayo madaktari huyaita osteoathraitisi, hupenda maungo yanayobeba uzito wa mwili, yaani magoti na nyonga. Gegedu, utando mlaini unaofunika ncha za mifupa, huchakaa, na kiungo kikawa kigumu chenye maumivu. Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata katika ute wa kiungo, nao huingia pale kiungo kinapobanwa na kuachiliwa, yaani mtu anapotembea. Tena misuli ya paja ndiyo inayolipunguzia goti mzigo; mtu akikaa tu, misuli hunywea na goti likaachiwa mzigo peke yake.

Mwaka 2015 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 54 ya mazoezi kwa wenye maradhi ya goti, wakaona kuwa mazoezi hupunguza maumivu na kumrahisishia mgonjwa shughuli zake. Huko Denmark upo mpango ulioanza 2013, ambapo wagonjwa hufanya mazoezi mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita, wakisimamiwa na mtaalamu.

Nyumbani, egemeza kiti imara ukutani. Keti, kisha inuka polepole bila ya kujisukuma kwa mikono, na uketi tena. Ukiweza mara kumi, vyema. Ukiweza nne, anza na nne. Nguvu hiyo ya paja ndiyo imwinuayo mtu kutoka kwenye sijida. Anayeswali kitini ana ruhusa yake, lakini asidhani kuwa msala umekwisha kumpita. Ama kibao cha mbuzi, nacho hukunja goti mno, kingoje kwanza.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dalili ya kuharibika. Yakizidi hadi kesho yake, punguza idadi, usiache. Goti likivimba ghafla, likawa na moto pamoja na homa, hapo si pa mazoezi. Nenda kwa daktari.

Wiki za mwanzo huenda usione tofauti. Wengi huanza kuhisi nafuu baada ya wiki kadhaa, na ukiacha, misuli hunywea tena.